Nyumba Aliyorudishiwa Fundi

Fundi cherehani alishinda katika mahakama ya chini, mdogo wake akakata rufaa, na sasa walikuwa wamekaa benchi moja nje ya chumba cha jaji, mama yao katikati. Bega la mama lilikuwa limeegemea upande wa mdogo. Fundi aliliona hilo kabla hata hajaketi, na roho ikamuuma.

Nyumba ilikuwa yake, hakuna ubishi. Aliinunua kwa kushona sare za shule mpaka vidole vikaota sugu, akamweka mama humo. Mdogo, kitinda mimba wa watu, alipoachika akaja na mabegi yake kukaa kwa muda. Muda gani huo usiokwisha, jamani? Lakini tuseme kweli, chumba hakikumkera fundi. Kilichomkera ni kwamba kila akienda kumjulia mama hali, sifa zilikuwa za mdogo: anavyojua kukanda miguu, anavyojua chai ipozwe kiasi gani. Siku moja alilikuta gauni alilomshonea mama kwa mkono wake limevaliwa na mdogo, na mama anasema limempendeza. Kesho yake fundi alikuwa kwa wakili.

Wakili aliandika kama kazi yake inavyotaka: atolewe mdogo, pamoja na kila anayekaa humo kupitia kwake. Fundi aliona sawa. Nani angekaa kupitia kwa mtu asiye na hata kigae?

Mbele ya jaji, mdogo alijitetea kwamba anamuuguza mama. Jaji alimsikiliza kwa upole, kisha akasema kuuguza hakumfanyi mtu kuwa mwenye nyumba. Rufaa ikatupwa. Fundi alikaribia kupiga vigelegele, ila alipogeuka alimwona mama akimfuta mdogo machozi kwa ncha ya mtandio, na ushindi wote ukawa shubiri mdomoni.

Siku ya kumtoa mdogo, dalali wa mahakama alikuja na vibarua. Fundi alishapanga mambo yake: angehamia chumba cha mdogo na cherehani yake, na chai ya mama angeipoza yeye. Kitanda cha mdogo kikatoka, kabati likatoka. Vibarua walipofika mlango wa mama, fundi akawazuia.

Dalali hakubishana. Alimwamkia mama, akamweleza kwamba amri inamtoa binti huyu na wanaokaa kupitia kwake. Anayekaa kwa mwenye nyumba haguswi.

"Sasa mama, wewe hapa unakaa kwa nani?"

Fundi alitabasamu. Mama alikuwa akitafuta kandambili zake kwa miguu.

"Nyumba ni ya huyu mkubwa, Mungu amzidishie," alisema. "Lakini mimi nakaa kwa huyu mdogo."

"Mama, si mimi niliyekuweka hapa?"

"Uliniweka, mwanangu. Mwenzio akakaa na mimi."

Mdogo alibeba mto, mama akamshika mkono, wakatoka taratibu bila kugeuka. Dalali alikagua vyumba vyote, akarudi na karatasi, akamwonyesha mahali pa kutia sahihi kwamba amekabidhiwa nyumba yake na ndani hamna mtu.