Sauti ya Usumani Ilibaki Jukwaani

Jumatatu asubuhi Usumani alifungua duka lake la kushona pale Rwezamenyo, Kigali, akafagia kizingiti, akatia cherehani mafuta, akatandaza kitambaa cheupe cha kanzu ya bwana harusi. Mteja wa kwanza alikuwa mama aliyeleta suruali ya shule ipunguzwe miguu. Akauliza itakuwa tayari lini. Usumani akafungua mdomo kusema kesho, na hakikutoka kitu. Hata kikohozi cha kusindikiza hakikutoka.

"Basi nitapita Jumatano," mama akasema, akaweka suruali mezani, akaenda zake.

Jambo lenyewe halikuwa na fumbo. Jana yake ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu. Inkuba, timu ya Usumani tangu ujana, walifunga bao la ubingwa dhidi ya Imirasire dakika za mwisho kabisa, na mshika kibendera akanyoosha mkono juu. Usumani alipanda kwenye kiti chake, jukwaa la mashariki, akapiga kelele, "Ofsaidi gani hiyo!" Sauti ikatoka, ikavuka nyasi, ikamfikia mshika kibendera. Kwa kuwa haikujibiwa, ikabaki palepale kungoja jibu. Watu wakatoka, taa zikazimwa, na Usumani akarudi kwa miguu akidhani amekauka koo tu.

Alasiri akaja Jean-Bosco, mpiga ngoma wa mashabiki, mzaliwa wa Bujumbura, Mkatoliki wa kila Jumapili isiyokuwa na mechi. Walikuwa wamekaa viti jirani tangu wote wawili wakiwa na meno kamili.

"Nimepita uwanjani," Jean-Bosco akasema. "Iko kwenye kiti chako. Bado iko inabishana."

Usumani akainua nyusi.

"Na nani? Na hakuna mtu, mzee! Kuna wale wa kumwagilia nyasi tu, na wamekwisha zoea. Wanasema saa sita ilinyamaza kidogo kama imekwenda kula, halafu ikaanza na mabao ya zamani."

Usumani akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mabao ya zamani nayo yalikuwa na kesi.

Nyumbani, Raihana mkewe hakugundua hadi Alhamisi. Haikuwa kosa lake. Maneno ya Usumani ndani ya nyumba yalikuwa machache, chai, chumvi, zima hiyo redio, na yote hayo yanaonyeshwa kwa kidole bila hasara. Aligundua pale sheikh alipokuja kupanga nikaha ya binti yao, ya Jumapili, akamwomba Usumani ayajaribu yale maneno ya walii, asije akababaika mbele za watu. Usumani akabaki anamtazama.

"Kwani umenuna?" Raihana akauliza.

Usumani akanyoosha kidole dirishani, kule juu mlimani kwenye uwanja. Raihana akafungua dirisha. Sauti ikaingia safi, kama mtu aliyeko uani.

"Na kipa alikuwa wapi? Alikuwa ameenda kununua nyanya? Nikuulize wewe, refa, una watoto wewe? Unawaambia nini jioni?"

Raihana akaegemeza kiwiko dirishani, akasikiliza muda mrefu, chai ya mgeni ikipoa.

"Kumbe anajua kuongea hivi," akasema.

Sheikh alilitafakari jambo. "Bubu anaozesha kwa ishara," akasema, "vitabu vimeruhusu. Lakini huyu si bubu. Sauti yake nzima, mimi mwenyewe nimeisikia nikija na moto, hizi pikipiki za abiria, hata dereva alisimama asikilize. Mtu mwenye sauti hawezi kuozesha kwa kidole."

"Si kuna wakili?" Raihana akauliza.

"Yupo. Mdogo wake, yule wa Masaka, mwenye kuku."

Usumani akafumba macho. Yule wa Masaka alikuwa shabiki wa Imirasire. Na habari ilikuwa imekwisha mfikia, maana alikuwa amepiga simu asubuhi kusema yuko tayari kwa kazi yoyote ya familia, na kuuliza kama skafu ya manjano inaruhusiwa juu ya kanzu.

Hapo Swafiya akatoka jikoni na sinia la maandazi. Ndiye mtoto wao pekee, muuzaji wa duka la dawa mjini, msichana wa maneno mafupi, na kama alivyo baba yake kwa mpira ndivyo alivyo yeye kwa matamasha: kila mwimbaji aliyepanda jukwaani Kigali alimwona, akarudi na viatu mkononi. Akaweka sinia chini.

"Papa, mimi sitaki amu," akasema. "Nataka wewe. Useme kwa mdomo wako, binti yangu fulani, watu wasikie. Mara moja tu. Sikuombi kingine."

Usumani akamtazama. Alimwona kama ameongezeka urefu.

Ijumaa baada ya sala akaenda uwanjani na Jean-Bosco wa kumsemea. Langoni alikuwa Harriet, mlinzi aliyekulia Uganda, mwanamke wa sare iliyopigwa pasi hadi ikasimama yenyewe.

"Tumekuja kuchukua kitu tulichosahau," Jean-Bosco akasema.

"Kitu gani? Kuna kofia, kuna miavuli, kuna kiatu kimoja cha mtoto."

"Sauti."

"Ah, ile." Harriet akageuza shingo kuelekea jukwaa la mashariki, ambako palikuwa panatajwa mama wa refa, kwa heshima lakini kwa kirefu. "Ile sio ya kusahauliwa, muzee. Ile imekataa kutoka. Mimi nimeiambia mara mbili."

"Basi tuingie tuichukue."

"Mko na tiketi?"

"Huyu ana tiketi ya msimu mzima!"

"Msimu umeisha. Sauti iliingia msimu ukiwa hai, kwa hiyo iko ndani halali. Nyinyi muko nje, na nyinyi pia muko nje halali." Akalainika kidogo. "Kesho tunafungua kwa tamasha. Yule mwimbaji wa kutoka nje. Lakini sielewi kama mtapata, tiketi zimeisha zamani."

Swafiya alikuwa nazo mbili, yake na ya mchumba wake Gasana. Walizinunua siku ya kwanza zilipotoka, kabla hata ya kuchagua tarehe ya nikaha, na nikaha wakaiweka kesho yake ili wawe na wikendi moja ya kukumbuka. Jioni ile alimpa baba yake zote mbili, zimekunjwa ndani ya leso. Usumani akazitia mfukoni, akaonyesha chumvi.

Jumamosi ilikuwa ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa. Usumani alizibua mtaro pamoja na majirani, kisha wakakaa mkutanoni. Mkuu wa mudugudu, yaani wa kitongoji, akauliza nani ana wazo kuhusu maji ya mvua yanayoingia nyumba za chini. Usumani alikuwa na wazo, akanyoosha mkono. Mkuu akampa nafasi. Watu wakangoja. Kutoka mlimani ikasikika, "Huyo namba tano ni mchezaji au nguzo ya umeme?" Mkuu akamshukuru, akaahidi kulifuatilia, akamwita anayefuata.

Jioni wazee wawili wakapanga foleni na vijana waliopaka macho vumbi la kung'aa. Usumani alikuwa na jezi yake ya bluu, kwa sababu hakuwa na nguo nyingine ya kwenda pale. Ngoma ya Jean-Bosco ilizuiwa langoni.

"Ngoma, chupa, mwavuli, hapana," Harriet akasema. "Iache hapa, nitaiangalia kama mtoto."

Nyasi zilikuwa zimefunikwa mbao, na juu ya mbao watu wanaruka. Usumani alitazama kando, kama mtu anayepita nyumba aliyozaliwa akakuta panauzwa nyama choma. Kiti chake kilikuwa kimevishwa kitambaa cheupe, na juu yake ameketi mgeni wa heshima anayekula bisi. Sauti ilikuwa imempisha, imehamia kwenye ngazi. Na ilikuwa haibishani tena. Wiki nzima mafundi walijaribisha spika kwa nyimbo za yule mwimbaji, na sauti ikazijua zote, ubeti na kiitikio. Iliimba kwa moyo, nene, yenye kokoto, ikiingia mahali pake bila kuchelewa. Vijana wa jirani walikuwa wamekwisha ifanyia nafasi ya kucheza.

Zilikuwa nyimbo ambazo Swafiya huimba akiosha vyombo. Usumani alizitambua kwa sababu ndizo alizokuwa akizizima.

"Iite," Jean-Bosco akamwambia.

Usumani akamtazama.

"Kweli. Utaiita na nini."

 Kisha Jean-Bosco akainama, akaanza kupiga kiti cha plastiki kwa viganja, ule mdundo wa Inkuba: miwili mizito, mitatu myepesi, kimya. Katika kimya hicho, tangu jukwaa lile likiwa la udongo, sauti ya Usumani ndiyo hujibu. Wimbo ulikuwa umeisha na mwimbaji anakunywa maji. Mdundo ukapita. Sauti ikasita. Ikajikaza. Ukapita wa pili.

"Inkubaaa!" ikajibu. Haikuwa na namna.

Uwanja mzima ukapokea. Mwimbaji akadhani ndivyo wanavyosalimia Kigali, akasema naye Inkuba kwenye kipaza sauti, na hata wa Imirasire waliokuwemo wakaitikia, jambo ambalo baadaye walilikana. Kwa kila mdundo sauti ilishuka ngazi moja. Ilipofika kwa Usumani aliachama, ikaingia, ikiwa na ladha ya vumbi na bisi.

"Umeipata?" Jean-Bosco akauliza.

"HUYU ANAKALIA KITI CHANGU!" Usumani akajibu.

Ilikuwa na tatizo hilo moja tu. Wiki ya uwanjani ilikuwa imeiondolea mazoea ya kuta. Asubuhi aliomba chai, na jirani wa tatu akaleta.

Nikaha ilifanyika sebuleni baada ya alasiri. Wanaume kwenye mikeka, wanawake chumba cha ndani nyuma ya pazia, Swafiya katikati yao na hina hadi kwenye viwiko. Gasana, fundi simu wa Batsinda, alikaa amepiga magoti ndani ya kanzu mpya aliyoshonewa na mkwewe. Yule wa Masaka alikaa mlangoni na skafu yake, tayari kuingia mchezoni mtu akiumia. Jean-Bosco alikaa naye, ngoma mapajani, kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kuiweka.

Sheikh alisoma hotuba, akaunganisha mikono ya Usumani na Gasana, akafunika kwa leso.

"Sema, Mzee Usumani. Kwa utulivu."

"EWE GASANA!" Vikombe vikalia kabatini. "NIMEKUOZESHA BINTI YANGU..."

Ikakatika.

Watu wakangoja. Usumani akajaribu tena, shingo ikatoa mishipa. Alilijua jina, alilichagua yeye, lilikuwa pale kichwani limekaa wazi. Lakini sauti haikuwa nalo. Ilikuwa na makipa wa kila msimu, na wa akiba wao, na makocha waliofukuzwa, na waamuzi wote kwa majina ya baba zao. Jina hili ilikuwa haijapewa kulibeba. Ikahangaika mdomoni kama mtangazaji aliyeletewa mchezaji mpya asiyekuwa kwenye karatasi yake. Mwishowe ikauliza, kwa upole wote iliokuwa nao, "NAMBA NGAPI?"

Hakuna aliyecheka. Gasana alitazama leso. Sheikh akageukia pazia.

"Mwambieni," akasema.

Pazia likasogea. "Swafiya," Swafiya akasema. "Swafiya binti Usumani."

"Rudia, mwanangu, imezoea kelele."

"Swafiya!"

Sauti ikalipokea. Ikavuta pumzi kama inavyovuta timu zinapotoka vyumbani.

"BINTI YANGU SWAFIYAAAAAA!"

Na Jean-Bosco, mikono ikimtangulia, akapiga miwili mizito na mitatu myepesi, na sebule yote ikasimama na kujibu, na wanawake wakapiga vigelegele, na yule wa Masaka akajikuta anapunga skafu ya manjano. Gasana alionekana kusema nimekubali. Sheikh aliusoma mdomo wake, akasema nikaha imetimia. Nyuma ya pazia Swafiya alikuwa akilia, na shangazi mmoja akimfuta wanja kwa ncha ya mtandio, akimwambia hiyo ni kawaida, mabibi harusi wote hulia.

Ligi ikaanza tena. Usumani alikuwa ameahidi kujizuia, akaenda na pipi za tangawizi na chupa ya maji ya moto. Ikaja kona ya kwanza, mpira ukatoka, refa akasema ni wa kipa.

Jumapili ile magharibi Swafiya alipiga simu kutoka Batsinda.

"Mama, nipe papa nimsalimie. Niko na neno la kumwambia."

"Papa wako iko hapa, anakula," Raihana akasema. "Sauti ndiyo haijarudi. Ngoja."

Akafungua dirisha, akatoa mkono nje na simu, akauelekeza mlimani. Swafiya akamsikia baba yake vizuri. Alikuwa akikitangaza kikosi, kuanzia kipa, kila jina likivutwa hadi mwisho wake. Swafiya alikuwa na sufuria ya maharage jikoni. Akakoroga, simu sikioni, hadi wote kumi na mmoja wakaisha. Kisha sauti ikaanza na wa akiba, na Swafiya akapunguza moto, akangoja hadi wa mwisho wao, kwa sababu huwezi kujua.

"Nimeisikia, mama," akasema. "Iko vizuri." Akakata.

Raihana aliacha dirisha wazi. Akarudi kuketi, akamsogezea Usumani chumvi, ambayo alikuwa amekwisha kuionyesha kwa kidole.