Matairi Mapya ya Shangazi Opal

Mume wangu Verlon hajawahi kuniambia kwamba mimi ni mnene. Nataka hilo lieleweke mapema, maana hapa kwetu Missouri kila mtu anaisimulia habari hii kwa namna yake, na wengine wanamwonea. Hakusema neno. Alichofanya ni kibaya zaidi: alianza kuniondolea vitu vyangu kwenye buti la pikipiki, kimoja baada ya kingine, huku anapiga mluzi.

Pikipiki yenyewe ni kubwa, ya magurudumu matatu, moja mbele na mawili nyuma. Zamani tulikuwa na ya magurudumu mawili, mpaka goti la Verlon likagoma kuizuia isianguke kila tuliposimama kwenye taa nyekundu. Akanunua hii, akaiita Shangazi Opal kwa heshima ya dada wa baba yake, ambaye naye alikuwa mwembamba mbele na mpana nyuma. Mbele anakaa Verlon. Nyuma, kwenye kiti chenye mgongo na pa kuegemezea mikono, nakaa mimi, Twila. Kiti kile ni changu. Nimezika wazazi wangu, nimestaafu kazi ya jikoni pale shuleni, watoto wamehamia mbali, na kila theluji ikiyeyuka kile kiti kimekuwa kinanisubiri. Nikiwa pale juu, na sauti ya Verlon iko masikioni mwangu kwa waya wa helmeti, sitamani kuwa mahali pengine popote duniani.

Mwezi wa nne matairi ya nyuma yakawa vipara. Huko nyuma Shangazi anavaa matairi ya gari dogo, na ubavuni mwa kila tairi kuna namba zinazosema upana na kimo chake. Mtu mwenye akili zake anasoma namba za tairi la zamani, anakwenda dukani, anasema nipe kama hili. Verlon alizisoma. Kisha akaja Hoyt.

Hoyt ni rafiki yake tangu utotoni, mwembamba kama ufagio, na hajawahi kuona kitu cha mtu mwingine ambacho hakihitaji kuongezwa ukubwa.

"Verlon, unataka kuweka tena hivi vijitairi?" alisema huku akipiga moja teke. "Weka mapana, bwana! Shangazi ajae nyuma. Jumapili ya baraka, mchungaji akija kuziombea pikipiki, watu wakikuona wajue kuna mtu amefika."

"Yataingia lakini?"

"Si upime!"

Wakapima. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa gereji na vikombe vyao vya kahawa, nikawaona kwa macho yangu. Walikuwa wamemwinua Shangazi kwa jeki, magurudumu yananing'inia, Verlon akapitisha vidole vyake kati ya tairi na madigadi, lile bati linalofunika gurudumu kwa juu.

"Nafasi tele," akasema. "Humu unaweza kufuga kuku."

Hapakuwa na mtu wa kukumbuka, mimi nikiwemo, kwamba gurudumu linaloning'inia hewani hushuka, na watu wakikaa hupanda juu. Dukani fundi alimuuliza kama ana hakika na nafasi, Verlon akajibu kwamba amepima, kwa sauti ile ya mwanamume aliyepima. Wakayavalisha matairi mapya kwenye rimu alizokwenda nazo, akarudi nayo nyumbani. Jumamosi wao wawili wakayafunga. Walikaza nati kwa zamu, hii ya juu, kisha ile ya chini inayotazamana nayo, kila mmoja akimwambia mwenzake anakaza vibaya, wakashusha jeki. Siwezi kudanganya, Shangazi alipendeza. Verlon akamzungusha mtaani peke yake, akarudi meno yote nje.

"Panda, mke wangu."

Nikapanda. Tulikwenda vizuri mpaka kwenye reli, pale barabara inapoinuka. Shangazi alirukaruka kidogo, na chini yangu pakatoka kelele, kwiiii, kama nguruwe amebanwa mlangoni, na baada yake harufu ya mpira unaoungua. Verlon akageuza pikipiki.

Nyumbani, yeye na Hoyt walichuchumaa nyuma ya Shangazi. Wakatazama tairi, wakatazama madigadi, wakatazamana. Kisha wote wawili wakatazama mawingu. Hakuna aliyenitazama mimi, na hapo ndipo nilipojua wanachofikiri.

"Ni upya tu," Verlon akasema. "Tairi linajizoesha."

"Linajizoesha na nani?" nikamuuliza.

Akasema anakwenda kunawa mikono.

Kuyarudisha matairi haikuwezekana. Yakishakanyaga barabara duka haliyapokei, na Verlon kukubali mbele ya Hoyt kwamba amekosea, hilo labda mmoja wao afe kwanza. Basi kikaondoka kiti changu cha kukunja. "Tutakaa kwenye nyasi," akasema, "kama zamani." Nikamwambia zamani tulikuwa na magoti. Likafuata sanduku langu la barafu, kisha koti langu la mvua, eti mwaka huu haitanyesha. Mwezi wa tano! Missouri! Kila kilipoondoka kitu tulikwenda kwenye reli kujaribu, na kila mara Shangazi alipiga kelele ileile, na Verlon akarudi nyumbani akipiga mluzi kwa nguvu zaidi.

Na mimi nikaacha kula. Sikumwambia mtu. Asubuhi nilikuwa nampikia mayai na soseji, mimi nakunywa kahawa kavu. Jioni nilitafuna majani ya saladi na kusema nimeshiba. Nilisimama mbele ya kioo cha chumbani nikajigeuza huku na huku, nikaona aibu, halafu nikaona hasira kwa kuona aibu. Niliumia, sina namna nyingine ya kulisema. Kwa mwanamke wa umri wangu kufikiri kwamba mumewe hawezi tena kumbeba si jambo dogo.

Jumamosi ya kuamkia baraka, Hoyt akaja gerejini kofia mkononi. Nikaona hii kofia mkononi haina heri.

"Shemeji," akaanza, "unajua kesho mke wangu Velda anaendesha lile gari la kutufuata, lile la maji na vifaa. Yuko peke yake, maskini. Anatafuta mtu wa kupiga naye soga. Na kuna kipoza hewa humo, shemeji, baridi safi."

Nikamgeukia Verlon. Alikuwa anafuta spana ambayo haikuwa na uchafu wowote.

"Verlon. Sema wewe."

"Ni safari moja tu, Twila," akaiambia spana.

Miaka thelathini na minane ya ndoa. Nilitaka kumnyang'anya Hoyt kofia niwachape nayo wote wawili. Badala yake nikafungua geti la gereji mpaka juu.

"Hoyt, panda nyuma."

"Ati?"

"Kwenye kiti changu. Panda. Verlon akupeleke mpaka kwenye reli."

Ili mwelewe nilichoagiza: katika chama chetu cha pikipiki hakuna mwanamume anayepanda nyuma ya mwanamume mwenzake. Haijaandikwa popote, lakini ndivyo ilivyo. Mwaka mmoja pikipiki ya Hoyt ilizimika njiani, akatembea kwa miguu kwenye mvua mpaka mjini, huku Verlon anamfuata polepole na Shangazi na kiti cha nyuma kitupu.

"Shemeji, watu wataniona," akanong'ona.

"Wakuone."

"Verlon, mwambie mkeo..."

"Mwambie wewe," Verlon akamjibu. "Mimi nimeshaiona sura yake."

Hoyt akapanda. Akavuta kofia mpaka puani, akawa hajui mikono aiweke wapi. Kila alipotaka kumshika Verlon kiunoni alighairi. Jirani yetu aliyekuwa anakata majani akazima mashine yake, akatoa simu, akawapiga picha. Wakaenda. Nikasimama getini nikatega sikio kuelekea kwenye reli.

Kwiiii.

Sijapata kusikia muziki mtamu kama ule. Waliporudi Hoyt aliruka chini kabla Shangazi hajasimama sawasawa.

"Hoyt," nikasema, "mwili wako wote ukikamuliwa unajaza glasi?"

"Mimi nina mifupa mizito, shemeji."

"Basi si mimi!" nikapaza sauti. "Si mimi!" Na hapo hapo machozi yakanitoka, ya hasira, mbele ya Hoyt, jambo ambalo bado sijamsamehe.

Nikakusanya vitu vyangu pembeni mwa gereji, kiti, sanduku, koti, nikaenda kuvirudisha mwenyewe. Nikafungua buti. Lilikuwa tupu, ila zulia la chini lilikuwa limevimba katikati. Verlon alikuwa amezoea kutoa na kuweka vitu juu ya lile zulia bila kulitazama, kwa sababu ni lake, na mtu hakagui cha kwake. Nikalifunua. Chini yake yalikuwa yamelala magunia mawili marefu ya mchanga, yametulia, mazito kama ndama.

Huku kwetu majira ya baridi kila mwenye gari la mizigo anaweka magunia ya mchanga nyuma, matairi yashike barafu. Gari la mizigo, nimesema. Sijawahi kusikia mtu aliyeweka kwenye pikipiki.

"Verlon, huu ni nini?"

Akasogea, akachungulia. Rangi ikamtoka usoni, kisha ikarudi yote kwa pamoja.

"Mchanga," akasema kwa sauti ndogo. "Wa theluji."

"Theluji ya lini?"

"Ya Novemba. Ile siku ya karamu ya nyama ya paa, kulikuwa na utelezi. Nikaweka, tukarudi, nikamfunika Shangazi turubai..." Akayatazama magunia. "Nikasahau."

"Mimi nilihisi ni mchanga," akasema Hoyt.

"Hukuhisi kitu wewe!" tukamwambia wote wawili, na Hoyt akakumbuka ghafla kwamba Velda anamngoja.

Verlon akayatoa magunia moja moja, akiyakumbatia, anahema. Sikumsaidia. Alipomaliza akakaa juu yake.

"Niliogopa nikikuambia ni uzito utashuka, na hutapanda tena," akasema. "Nikaona heri nitoe kila kitu kingine."

"Mpaka ukanitoa mimi."

Akainamisha kichwa.

"Nimekukosea, Twila. Hicho kiti kikiwa kitupu hata kona sijui nizikate vipi. Wewe ndiye unayeniambia punguza."

Nikampa fagio alisafishe buti. Halafu nikamnyang'anya, kwa sababu hajui kufagia, nikalisafisha lile buti mwenyewe kila pembe, yeye ananimulikia tochi.

Jumapili mchungaji alipita na ndoo yake kati ya pikipiki, akizinyunyizia maji na kuziombea. Alipofika kwetu nikamwomba aongeze kidogo kwenye matairi ya nyuma. Wa magurudumu matatu huenda mwisho wa msafara, kwa hiyo wote walishavuka reli tulipoifikia sisi. Shangazi akainuka, akashuka, kimya. Nikamsikia Verlon akishusha pumzi kwenye waya wa helmeti.

Kule mlimani, kwenye mkahawa ulio mwisho wa safari yetu, nilikula. Nilikula kuku wa kukaanga na viazi vya kuponda na mchuzi, nikala pai ya tufaha na aiskrimu, nikaagiza nyingine, na Verlon alipoiacha yake nusu nikaimalizia. Velda aliniuliza kama nimetoka gerezani.

Tukarudi jua likiwa bado juu. Pale daraja jipya linapoungana na barabara kuna tuta ambalo huwezi kuliona mpaka umelipanda. Tukalipanda.

Kwi.

Fupi, lakini kila mtu mwenye masikio angeisikia. Nikaiona shingo ya mume wangu ikianza kuwa nyekundu kutoka kwenye kola kwenda juu. Nikangoja.

"Mchanga," Verlon akasema hatimaye. "Lazima umebaki kwenye pembe."

Yeye ndiye aliyenishikia tochi. Hakukuwa na punje hata moja mle ndani.

"Ndiyo," nikasema. "Mchanga ni msumbufu. Hauishi."

"Hauishi kabisa."

"Punguza, kuna kona."

Akapunguza.