Mfarishi wa Dobrawa

Jumatatu iliyofuata sikukuu ya Mtakatifu Martino, baada ya chakula cha mchana, wanachama wa Chama cha Akina Mama cha Podgęsie walifunga madirisha ya ukumbi wa zimamoto, wakapunguza moto wa jiko, wakamwaga mezani manyoya ya bata bukini waliochinjwa juma lile. Upenyo wa chini ya mlango ulizibwa kwa blanketi, maana upepo mdogo kuliko pumzi ya mtoto hutosha kuharibu kazi ya siku nzima. Aliyetaka kupiga chafya alitakiwa atoke nje kwanza. Aliyetaka kucheka aligeuza uso. Kisha Bi Genowefa, mwenyekiti, akavaa miwani na kuanza kusoma ratiba ya msimu kwa sauti, huku wenzake wakichambua, yaani wakibandua nyuzi laini za kila unyoya na kuutupa uti wake kapuni.

Usomaji huo haukuwa desturi ya kiofisi tu. Manyoya ya Podgęsie hushika maneno. Yanayosemwa juu yake wakati wa kuchambuliwa huingia nayo ndani ya mfarishi, lile blanketi nene la kujazwa manyoya, na mfarishi ukianikwa dirishani asubuhi kavu huyatoa upya, kwa sauti za wenyewe na kwa mfuatano uleule. Jambo hilo halimshangazi mtu kijijini, kama kuumuka kwa unga wenye hamira kusivyomshangaza. Ndiyo sababu waasisi wa chama waliamua kwamba mezani pasemwe mapishi, baraka na ratiba, basi. Mfarishi wa mwalimu mstaafu hadi leo hutangaza safari ya basi kwenda mjini Lublin kutazama mchezo wa kuigiza, ingawa waliosafiri wengi wao wamekwisha kuzikwa. Ule wa padri hueleza mapishi ya supu ya bitiruti pasipo kutaja chumvi, kwa kuwa aliyekuwa akieleza alitoka kupiga chafya alipofika hapo, na padri, mtu mtiifu, huinywa hivyo hivyo.

Manyoya ya siku hiyo yalikuwa ya mfarishi wa harusi ya Dobrawa. Angeolewa Jumamosi ya mwisho kabla ya Kwaresima na Seweryn, mwana wa Bwana Ludomir, mkuu wa kikosi cha zimamoto. Bibi harusi haruhusiwi kukaribia manyoya yake mwenyewe. Mama mkwe huruhusiwa, na mama mkwe huyu, Bi Teodora, alikuwa na vidole vyepesi kupita vyote chamani. Alikuja akiwa amefunga kiganja cha kushoto kwa kitambaa cha kichwa, akaketi mahali pake, akachambua kwa mkono mmoja.

"Mkono una nini tena?" aliuliza Bi Irmina, mwenye duka.

"Ngazi," alijibu Teodora. "Nilikuwa nashuka na ndoo ya makaa."

"Pole, shoga. Ngazi hazina huruma," alisema Bi Genowefa, akarudi kwenye ratiba. Kulikuwa na kukunja pierogi, vile vitumbua vya unga vya kujazwa na kuchemshwa, kwa ajili ya wazee wasio na jamaa, kila mama aje na mti wake wa kusukumia. Kulikuwa na gari la kupima matiti, litakalosimama mbele ya kanisa. Kulikuwa na ngano ya kusuka taji la mashindano ya mavuno, ambayo safari hii ingepandwa mapema, kwani mwaka uliopita kijiji jirani kiliwashinda kwa hila ya mashuke marefu.

Teodora aliinuka kwenda jikoni kutazama unga wa donati. Mlango ulipofungwa, Bi Pelagia, mkubwa kuliko wote kwa umri, alisema bila kuinua macho:

"Nyumba ile haina ngazi."

Mikono ilisimama.

"Bibi Pelagia! Tuko mezani!" alisema mwenyekiti.

"Mezani ndiyo. Mimi nimekula katika nyumba ile tangu Ludomir anatambaa. Sakafu ni moja, ya watu na ya kuku. Hata darini hupandwa kwa kamba."

"Basi huenda amejikwaa kizingitini," alisema Irmina kwa upole.

"Tangu Pasaka anajikwaa? Kizingiti kilekile? Basi hicho kizingiti hulewa kila Jumamosi."

Mmoja wao aligeuza uso. Bi Genowefa alipandisha sauti.

"Jumapili ya pili ya Januari," alisoma, "mafunzo ya huduma ya kwanza kwa majeruhi. Mkufunzi, Bwana Ludomir."

Kanuni ya chama katika hali hiyo iko wazi: neno baya likiingia, manyoya hupelekwa shamba la bitiruti na kuachiwa upepo. Lakini rundo lilikuwa karibu kukamilika, na bata wengine wasingepatikana mpaka vuli ijayo. Mwenyekiti alilitazama kwa muda. Alikuwa mwanamke wa uamuzi. Ndiye aliyeuletea ukumbi maji ya moto, na ndiye aliyemrudisha kazini muuguzi wa kata baada ya wakubwa kumwondoa. Aliamua kwamba maneno mema, yakiwa mengi, yatayakandamiza yale mengine chini.

"Tuseme mema, akina mama," aliamuru. "Tena tuseme kwa wingi."

Wakasema. Walimwombea Dobrawa watoto wanene, mume mpole, meno imara, na maziwa ya ng'ombe yasiyochacha. Teodora aliporudi kutoka jikoni, unga ukiwa umemng'ang'ania viwikoni, aliweka kiganja chake kizima juu ya rundo kama mtu anayepima homa ya mtoto. Alikiacha hapo kidogo. Mfarishi ulipojazwa, aliomba mshono wa mwisho aushone yeye.

Harusi ilifana. Wanachama walipika kwa ajili ya wageni wa vijiji vitatu na hakuna aliyerudi nyumbani na njaa. Bwana Ludomir alicheza na mkewe wimbo wa kwanza na wa mwisho, na watu walisema anacheza vizuri, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Asubuhi kavu ya kwanza ya Kwaresima, Dobrawa, aliyekwisha kuhamia kwa wakwe zake, aliubeba mfarishi kuelekea dirisha la uani.

"Uweke upande wa barabarani, mwanangu," alisema Teodora. "Huko ndiko kwenye jua."

Dirisha la barabarani linatazama kaskazini, na jua haliligusi mpaka mwezi wa tano. Dobrawa alikuwa mgeni katika nyumba na mwenye adabu. Akautandaza hapo.

Mfarishi ulianza na ratiba, kama ilivyotarajiwa. Mleta barua alishuka baiskeli ili asikie tarehe ya gari la kupima matiti, maana mkewe alikuwa ameisahau. Polisi wa kata, aliyekuwa akitokea dukani na mkate, alisimama naye kwa kuwa alipenda habari za pierogi. Kisha sauti ya Teodora ilisema ngazi, sauti ya mwenyekiti ikasema pole, na baada ya kitambo kidogo sauti ya Bi Pelagia ikasema, wazi kabisa, kwamba nyumba ile haina ngazi. Iliendelea mpaka kwenye kizingiti. Maneno mema yalifuata kwa wingi, lakini hayakuwa yamekandamiza kitu. Yalikuja tu baadaye, kama wageni waliochelewa.

Bwana Ludomir alikuwa uani akianika mipira ya maji ya kikosi. Aliusikiliza mfarishi hadi mwisho, mkono kiunoni.

"Yule bibi sauti yake bado kali," alisema. "Dobrawa, uingize ndani, utashika unyevu."

Hakuwa na hasira. Aliingia ghalani kutafuta futi kamba.

Polisi alisogea dirishani. Teodora alikuwa upande wa pili, ameshika kile chombo cha fito zilizosukwa cha kupigia matandiko.

"Mama, una neno la kuongeza?"

"Mfarishi umeeleza."

"Umeeleza, ndiyo. Ila mfarishi hauwezi kutia saini."

"Najua, baba," alisema Teodora. "Nilidhani labda aliyeusikia anaweza."

Polisi alitazama mkate wake. Aliuliza ile siku ya pierogi ilikuwa Jumamosi gani hasa, akaambiwa ilikwisha kupita, akavaa kofia.

Juma lililofuata Bwana Ludomir alianza kujenga ngazi. Aliichora mwenyewe, ya mbao za mwaloni, kutoka sebuleni kwenda darini, ambako palikuwa na vitunguu na kitanda cha mtoto kilichovunjika. Kikosi kizima kilikuja kumsaidia. Huko Podgęsie, zimamoto wakifanya kazi ya pamoja, akina mama hupika, jambo hilo halijadiliwi, limo katika ratiba ya kila mwaka chini ya "shughuli nyinginezo." Kwa hiyo Bi Genowefa alipanga zamu, na Teodora aliwahudumia mafundi katika nyumba yake mwenyewe akiruka misumari.

Siku ya kuizindua, Bi Pelagia aliomba apande. Alipanda na fimbo yake mpaka juu, akavitazama vitunguu, akashuka bila kushika pembeni.

"Ngazi nzuri," aliwaambia zimamoto. "Pana, haitelezi. Hata kikongwe kama mimi haanguki hapa."

"Tumeifanya hivyo makusudi, Bibi!" alisema kijana mmoja wa kikosi, na wanaume wakacheka. Bwana Ludomir alimjazia bibi kikombe kwa mkono wake.

Mfarishi uliendelea kusema kila asubuhi kavu, na Teodora aliendelea kutaka uanikwe barabarani. Watu waliuzoea. Walijua kwamba ukifika kwenye taji la mavuno ni wakati wa kuwafungulia ng'ombe. Bi Pelagia wa ndani ya mfarishi aliposema nyumba haina ngazi, wapita njia walimjibu bila kusimama, "Sasa inayo, Bibi," wakaenda zao.

Jumapili moja baada ya misa, Dobrawa alimfuata Bi Genowefa nyuma ya kanisa.

"Mama, nyinyi mlikuwa mnajua?"

"Tulijua nini, mwanangu?"

"Kile kilichomo ndani. Mlijua, mkanishonea, mkanifunika nacho."

Bi Genowefa alimrekebishia kola ya koti.

"Tulikushonea wa joto kuliko mifarishi yote iliyotoka mezani petu. Una maneno mengi, mwanangu. Sikiliza na yale mema."

"Nayasikiliza. Yanakuja mwishoni, yeye akiwa amekwisha kumaliza."

Bi Genowefa hakuuliza yeye ni nani. Alimwambia kwamba chama kingefurahi kumpokea, na kwamba mkutano wa kupanga ratiba ya kiangazi ungekuwa Alhamisi baada ya Pasaka.

Dobrawa alikwenda. Ukumbi ulikuwa umepakwa chokaa, na vyombo viling'aa. Teodora alifika wa mwisho, mkono wa kulia ukiwa umening'inizwa shingoni kwa kitambaa safi kilichofungwa kwa ustadi, jinsi inavyofundishwa katika mafunzo ya huduma ya kwanza.

"Ngazi," alisema, akaketi.

Safari hii hapakuwa na wa kumpinga. Wote walikuwa wamekula katika uzinduzi wa ngazi hiyo. Irmina alimvutia kiti karibu na jiko. Bi Pelagia alifungua mdomo, akatazama meza, ambayo siku hiyo haikuwa na unyoya hata mmoja, akaufunga.

Bi Genowefa hakuwa mwanamke mgumu. Alikuwa amelifikiria jambo lile tangu Jumapili ile, na usiku mmoja au miwili usingizi haukumjia. Alisoma ratiba yote: bustani ya shule, mashindano ya jibini, safari ya kwenda chemchemi za maji moto, mazoezi ya kwaya. Kisha akavua miwani.

"Chama hiki," alisema, "hakijapata kuona mwanachama akiumia kikakaa mikono mitupu. Hakitaanza leo. Napendekeza tuongeze shughuli moja mwezi wa tano. Tushone mto mkubwa, wa kuwekwa chini ya ile ngazi ya Teodora. Manyoya yaliyobaki vuli hayatoshi mfarishi, lakini mto yanatosha. Akianguka, aangukie mahali pema."

Minong'ono ya kuridhika ilipita mezani. Lilikuwa wazo la vitendo, na chama kilijulikana wilayani kwa mawazo ya vitendo. Irmina alijitolea kitambaa kizito cha bluu kutoka dukani. Mwingine alisema mto uwe na vishikio, ili uweze kuanikwa. Hapo mwenyekiti akaongeza kwamba safari hii manyoya yatachambuliwa kimya, pasisemwe hata ratiba. Hilo nalo lilikubaliwa.

"Wanaoafiki?"

Mikono ilipanda. Wa Irmina ulitangulia. Bi Pelagia aliinua wake taratibu, kwa kuwa mto ni mto, nao ni afadhali kuliko sakafu. Dobrawa, ambaye hakuwa amepiga kura chamani kabla ya hapo, aliwatazama wote mmoja baada ya mwingine, kisha akamtazama mama mkwe wake aone atafanya nini.

Teodora aliinua mkono, ule mzima.