Mizani Ilipogoma

Mwalimu wa udereva aliyeitwa Bonge hakupewa jina hilo kwa ubaya. Alilipata akiwa shuleni, likamfuata hadi kazini, na mwishowe hata wateja waliopiga simu ofisini walimuulizia hivyo hivyo: wanataka wafundishwe na Bonge, yule asiyefoka. Mwanafunzi angeweza kuzima gari katikati ya njia panda, honi zikapigwa nyuma yao kwa hasira, naye angesema tu, "Washa tena. Barabara haikimbii."

Shida ilikuwa gari lenyewe. Chuo kilitumia magari madogo ya gia za mkono, yenye kanyagio la breki la ziada upande wa mwalimu. Bonge akishaketi, paja lake lilivuka mpaka. Gia ya kwanza na ya tatu zilipatikana bila taabu, lakini kwa ya pili na ya nne ilibidi mwanafunzi aombe njia. Wanaume walicheka, wanawake waliona haya, na wapo waliozoea kuruka kutoka ya kwanza hadi ya tatu wakidhani ndivyo magari yalivyo. Bonge naye alicheka nao. Ila jioni, akivua viatu sebuleni huku pumzi zikimpaa, hakuwa na cha kuchekesha.

Kisukari kilikuwa kimeshaingia, magoti yalimuuma, na usingizini alikoroma mpaka pumzi zikawa zinakatika. Mkewe alikuwa akimtikisa bega na kungoja asikie anavuta tena hewa ndipo na yeye alale. Mke huyo aliitwa Mama Pacha, ingawa pacha wenyewe walishakuwa watu wazima na kuhamia kwao. Alipiga pasi kwenye duka la dobi, mwanamke wa maneno machache, aliyeweza kunyoosha shati la mikono mirefu huku akiwaza mambo mengine kabisa. Siku daktari wa upasuaji alipowaeleza kwamba kwa hali ya Bonge inawezekana kumpunguza mfuko wa tumbo, ubaki mwembamba kama ndizi, yeye ndiye aliyeuliza maswali yote. Bonge aliuliza moja tu: ataamka?

Aliamka. Akanywa maji kwa kijiko, kisha supu iliyochujwa, kisha vyakula vilivyopondwa kama vya mtoto. Mama Pacha akatoa sahani kubwa mezani na kuleta visahani vya chai, akapakua chake kwenye kisahani na cha mumewe kwenye kisahani, ili asionekane mmoja anakula na mwingine anaonja. Yeye mwenyewe asiposhiba, alisema, ataongeza huko huko jikoni, na hilo lisimhusu mtu.

Miezi ya mwanzo uzito ulimtoka Bonge kama nguo ya kuazima. Mkanda ulitobolewa tundu jipya, halafu jingine. Dawa za kisukari zikapunguzwa. Gia ya pili ikarudi mikononi mwa wananchi, kama alivyopenda kusema, na wenzake ofisini wakawa kila asubuhi wanamwambia amekwisha, amebaki mifupa, hilo jina sasa libadilishwe. Maneno hayo yalimwingia kuliko alivyoonyesha. Alikuwa hajawahi kusifiwa mwili wake tangu azaliwe.

Akanunua mizani, akaiweka bafuni, akawa anapanda kila asubuhi kabla hata ya kupiga mswaki. Ilikuwa starehe yake. Halafu, mwaka ukielekea ukingoni, mizani ikagoma.

Mwanzoni alidhani ni betri. Akabadilisha. Akadhani ni sakafu, akaihamishia koridoni, kisha jikoni, kisha akairudisha bafuni. Namba ikawa ile ile. Wiki ikapita, na nyingine, na nyingine tena. Siku moja ikapanda kidogo, naye akakaa ukingoni mwa sinki la kufulia kwa muda mrefu, taulo kiunoni, akiitazama kama mtu aliyesingiziwa.

Hakumwambia mtu. Alipiga hesabu zake kimyakimya: ikiwa kula kidogo kulimpunguza, basi kula kidogo zaidi kutampunguza zaidi. Akaanza na kifungua kinywa. Mkewe alikuwa akimfungia mayai ya kuchemsha na kipande cha samaki, kwa kuwa hospitali walisisitiza aanze na vyakula vya kujenga mwili kabla ya kingine chochote. Bonge alivipokea, akashukuru, na akifika kazini akampa paka wa ofisini. Jioni alisema ameshakula kazini, wenzake waliagiza kuku. Wenzake nao wakimkaribisha mchana alisema ameshiba, mkewe anamlisha asubuhi kama anatengeneza bondia. Uongo huo ulikuwa mwepesi sana, kwa sababu kila mtu alishajua kwamba tumbo lake ni dogo. Paka wa ofisini akaanza kunenepa kwa niaba yake.

Mizani haikusogea. Vilivyosogea ni vitu vingine. Alianza kusikia baridi watu wengine wakijipepea. Nywele zilibaki kwenye kitana. Vidonge vya vitamini alivyotakiwa kumeza kila siku vilimchafua tumbo likiwa tupu, akaviacha. Akipanda ngazi za ofisi miguu ilitetemeka, na yeye aliyesifika kwa kutofoka alianza kuwafokea wanafunzi, hata kwa kosa la kuwasha taa ya kushoto badala ya kulia.

Mama Pacha aliona. Aliona visahani vinarudi jikoni vimeguswa pembeni tu, akaona mume anamaliza mazungumzo kabla hayajaanza na kwenda kulala. Hakuuliza. Akawa anapiga pasi mpaka nguo zisizohitaji pasi.

Miongoni mwa wanafunzi wa Bonge alikuwapo mama mmoja mfanyabiashara wa vitambaa, mjane, aliyeamua kujifunza kuendesha baada ya kuchoka kuwabembeleza watoto wa dada yake wampeleke kuchukua mzigo. Wote chuoni walimwita Mama Vitambaa. Alikuwa mwanafunzi wa mwendo wa kobe. Mzunguko wa barabara kuu ulimtisha kuliko kifo. Kila walipoukaribia alinyamaza, akakaza mikono kwenye usukani, na Bonge akamwongoza neno kwa neno mpaka watoke upande wa pili.

Asubuhi hiyo walikuwa wanaukaribia kwa mara nyingine. Bonge alimwambia apunguze, ashuke gia ya pili, aangalie wanaotoka kulia. Kisha sauti yake mwenyewe ikaanza kumfikia kutoka mbali, kama ya mtu anayeongea chumba cha jirani. Jua likapoteza rangi. Alitaka kuweka mguu kwenye breki yake ya ziada, mguu usimsikie. Jambo la mwisho alilolitambua ni ubaridi wa kioo cha dirisha kwenye shavu lake.

Alipozinduka, gari lilikuwa limesimama pembeni kabisa ya barabara, nje ya duka la vifaa vya umeme, breki ya mkono imevutwa, taa za dharura zikilia tiki tiki. Mama Vitambaa alikuwa amemlegezea mkanda wa kiti na sasa anampepea kwa ncha ya mtandio.

"Hukuangalia kioo kabla ya kutoka barabarani," Bonge alisema, kwa sababu hakujua aseme nini.

"Niliangalia. Na taa niliwasha," alijibu Mama Vitambaa. "Mwalimu, leo umekula nini?"

Bonge alifikiria kumdanganya. Uongo ulikuwa pale pale mdomoni, umezoea njia. Lakini alikuwa amechoka, na mama huyu hakuwa mkewe wala mfanyakazi mwenzake, kwa hiyo Bonge hakuwa na cha kulinda mbele yake.

"Chai," alisema.

"Na jana?"

"Chai. Na supu kidogo."

Mama Vitambaa hakumhubiria. Alimsaidia kushuka, akamkalisha kivulini kwenye ngazi ya duka, akaenda kununua maziwa, na akasimama kando yake akimtazama anavyoyanywa funda kwa funda, kwa kuwa tumbo lile halikupokea haraka. Rangi ilipomrudia usoni, Bonge alimwomba jambo hilo libaki baina yao. Asimpigie mkewe.

"Mimi simpigii," alisema Mama Vitambaa. "Utamwambia mwenyewe. Leo hii, siyo kesho."

Kisha akampigia simu mkuu wa chuo, aje mtu wa kulirudisha gari.

Jioni ile Bonge alimkuta mkewe jikoni akisafisha samaki. Alivuta kiti akakaa, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa majuma mengi, akaeleza kila kitu: mizani, mayai, paka, kioo cha dirisha. Alieleza akitazama meza. Mama Pacha aliendelea kuparua magamba mpaka aliposikia habari ya mzunguko wa barabara. Hapo akaweka kisu chini, akanawa mikono, akaja kukaa mbele yake.

"Mimi nilidhani umenichoka," alisema.

Bonge akainua macho. "Kukuchoka vipi?"

"Chakula changu hukitaki. Kukaa na mimi hutaki. Umekonda, watu wanakusifia huko nje. Nikasema basi, mwenzangu amepata mwili mpya, anataka na mambo mapya."

Wazo hilo halikuwahi kumpitia hata kwa mbali, na kujua kwamba mkewe alikuwa ameishi nalo peke yake huku yeye akihangaika na namba za bafuni kulimchoma zaidi ya kule kuzimia.

"Niliogopa, Mama Pacha," alisema hatimaye. "Wengine hujaribu hiki na kile, wakishindwa wanasema bado kuna upasuaji. Mimi upasuaji nimeshafanya. Nikishindwa na hapa, nitaenda wapi? Watasema, amekatwa tumbo na bado ni Bonge."

"Waseme," alisema Mama Pacha. Akamshika kiganja, akakisikia kilivyo baridi, asikiachie. "Mimi nilikuwa nakuamsha usiku upumue. Sasa unapumua mwenyewe. Hicho ndicho kilichonipeleka hospitali, siyo kilo."

Juma lililofuata walikwenda kliniki pamoja. Mtaalamu wa lishe alikuwa dada mpole, mwenye tabia ya kuchora anachokieleza kwenye karatasi yoyote iliyo karibu. Alipima damu, akakuta imepungua. Akasikiliza kisa chote bila kukunja uso, hata sehemu ya paka, ambapo alijizuia kucheka lakini Mama Pacha akashindwa kujizuia.

Akawaeleza kwamba uzito kugoma baada ya upasuaji ni jambo la kawaida. Angeshangaa zaidi kama usingegoma. Mwili haujui kwamba umefanyiwa upasuaji kwa faida yake. Unachojua ni kwamba chakula kimekatika, kwa hiyo unabana matumizi. Bonge alipozidi kuukatia, ukazidi kubana, ukaanza kuila misuli, na nywele nazo zikaachwa zijitafutie. Akamtaka ale milo midogo kwa saa zake, aanze na yai, samaki, kuku au maharage, atafune taratibu, maji anywe kati ya mlo na mlo na siyo pamoja na chakula. Vidonge vya vitamini avirudie, avimeze baada ya kula. Atembee, anyanyue hata vitu vizito kidogo. Na mizani, mara moja kwa juma inatosha.

"Kwa hiyo nile ndipo nipungue?" aliuliza Bonge, kama mtu anayetegewa mtego.

"Ule ili usianguke," alisema mtaalamu. "Kupungua kutafuata. Ila hakutakuwa kwa kasi ile ya mwanzo, na huenda usifike ile namba uliyoiweka kichwani. Nakwambia leo ili usije ukapambana nayo tena."

Neno hilo la mwisho Bonge hakulipenda. Kula tena kulimtia hofu ya ajabu. Asubuhi ya kwanza aliyatazama mayai mawili kwenye kisahani kama deni, akamaliza moja, la pili akashindwa, na Mama Pacha akalila yeye. Siku zilizofuata ikawa rahisi kidogo, kisha ngumu tena, kwa sababu mizani ilipopandwa mwisho wa juma ilikuwa palepale. Na juma lililofuata palepale. Mara kadhaa mkono wake uliwaza paka. Lakini jioni alikuwa na mtu wa kumwambia, "Leo nilitamani kukitupa chakula," na mtu huyo alimjibu, "Ukakitupa?" naye akasema hapana, na wakaendelea na mambo mengine.

Joto lilirudi mwilini kabla ya kitu kingine chochote. Kisha miguu ikatulia kwenye ngazi. Aliwatafuta wanafunzi aliowafokea, akawaomba radhi. Mmoja alikuwa ameshasahau, mwingine alitaka masomo ya nyongeza bila malipo na akayapata. Uzito nao, ulipochoka kugoma, ulianza kushuka kwa mwendo wa konokono, ukasimama, ukashuka tena. Namba ile ya kichwani hajaifikia mpaka leo. Ana kitambi kidogo, na ofisini bado ni Bonge.

Mchana mmoja, mwanafunzi mpya aliyekuwa na haraka zake alisimama kando ya gari akizungusha funguo kidoleni, akamwona mwalimu ameketi kwenye benchi la ofisi, kisahani mapajani, akichambua miiba ya samaki mmoja baada ya mwingine. Wenzake walishamaliza na kuondoka. Yule mwanafunzi akauliza kama wanaweza kuanza, saa imefika.

"Nisubiri kidogo," alisema Bonge, "nakula." Akaendelea kutafuna.