Kumi na Tisa Nukta Nne

...kumi na tisa nukta nne, ati kumi na tisa nukta nne, mashine hii ya kupimia sukari haina hata haya, imebandikwa plasta mgongoni isifunguke na bado inajifanya inajua kila kitu, na mimi nimesimama hapa kando ya kitanda cha saba na bomba la sindano mkononi, uniti kumi za insulini nimeshazivuta, mzee fundi cherehani amekwisha kunja shati ananionyesha tumbo, mtiifu huyu, hajawahi kunisumbua hata siku moja, na kule mwisho wa wodi daktari mdogo anapaza sauti bila hata kugeuka, "Sista, umeshachoma?"... nachoma, nachoma, subiri bwana, mtu ana mikono miwili tu, tangu asubuhi niko peke yangu na vitanda ishirini na viwili, mwenzangu kaitwa chumba cha upasuaji, bomba la maji limekauka tangu juzi, tunapandisha ndoo ngazi mbili kama vibarua wa mjengo, fundi bomba kila nikimpigia simu anasema yuko njiani, njia gani hiyo isiyofika, nitastaafu yuko njiani... lakini namba hii siipendi, siipendi kabisa, sukari ya kumi na tisa naijua, miaka kumi na sita naiona, mtu wa kumi na tisa anamaliza jagi la maji na kuomba la jirani, kutwa yuko chooni, mdomo umemkauka, sasa huyu mzee jagi lake liko pale limejaa hadi juu, jasho linamtoka kwenye paji la uso na dirisha liko wazi, upepo unaingia, nikamuuliza, "Mzee wangu, una kiu?" akasema, "Kiu sina, mwanangu, nina njaa, na mikono inanitetemeka, leo hata uzi nisingeutunga," nikamwambia labda ni woga wa sindano, akacheka, "Mimi na sindano? Miaka arobaini zinanitoboa, tumekuwa ndugu," na kweli vidole vyake vimekuwa vigumu kama soli, nilipotaka kumpima alinichagulia mwenyewe, akanipa dole gumba la kulia, "Toboa hapa, hapa bado pana nyama," nikapangusa kwa pamba yenye spiriti, nikatoboa, nikaweka tone, mashine ikahesabu, ikanitolea hii kumi na tisa yake.

Jasho, njaa, kutetemeka, hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza atakwambia hiyo ni sukari iliyoshuka, na asubuhi saa moja nilimchoma dozi yake, uji ukaja umeungua akala vijiko viwili akausukuma, sasa inakaribia saa sita, sukari itapandaje, itokee wapi, hewani? Nikamwambia daktari mdogo, nikamwambia kwa adabu zote, "Daktari, hali yake na namba haviendi pamoja," akaniangalia kama nimemletea habari za mizimu, "Sista, tunatibu kwa vipimo, hatutibu kwa hisia, chati inasema ikizidi kumi na nane ni uniti kumi," nikamwambia basi tutoe damu ya mshipa ipelekwe maabara, akasema maabara majibu ni baada ya saa tatu, mgonjwa atasubiri saa tatu na sukari ya kumi na tisa?... mtoto wa juzi huyu, ningekuwa na kifungua mimba angekuwa rika lake, lakini ndiye daktari, na mimi ndiye mkono, ikiharibika watauliza mkono wa nani... walishauliza, mwaka juzi waliuliza, sitaki kufikiria mwaka juzi... mama wa kitanda cha dirishani, mcheshi yule, wodi nzima ikicheka kwa ajili yake, mashine ilisema ishirini na moja, nikachoma, sikubishana na mtu, namba ni namba, baada ya saa moja napita naona amenyamaza, namwita haitiki, mate yanamtoka, tukamtilia dripu ya sukari tukimbizana, akazinduka, alhamdulillahi akazinduka, lakini mwanawe wa pekee alipokuja jioni akainama kumsalimia, mama akamtazama sana, akamuuliza, "Wewe ni mtoto wa nani?" na kijana mzima akalia pale pale amesimama, na kesho yake akamuuliza tena, na kesho kutwa, mpaka wanamtoa hospitali anauliza... kikao kikakaa, nikasema mashine ilikosea, niliapa, kila mtu akakubali, mashine ile ikatolewa ikaletwa hii, na mkuu wa wodi akanivuta pembeni kwenye korido, mwanamke mtu mzima mwenye miwani ya kamba, akaniambia polepole, "Mbaazi ukikosa maua husingizia jua," basi, akaenda zake, nikamnunia mwezi mzima, jua gani, maua gani, mimi nilifanya kila kitu sawa, nilipangusa, nilitoboa, nilipima, nifanye nini tena, nimlambe mgonjwa nijue kama ni mtamu?

"Sista!"... nimesikia, sijawa kiziwi, naondoa kifuniko cha sindano, nabana ngozi ya tumbo, ngozi imelowa, ina baridi, na mzee anasema, "Choma tu, mwanangu, mimi siogopi," sauti yake imekuwa nzito kidogo kama ya mtu anayesinzia, na kutoka kitanda cha nane yule jirani mwenye mkono kwenye plasta ngumu anasema huku anatafuna, "Lakini fundi, mkono wako unatetemeka na bado umemenya kama unakata kitambaa cha harusi," na mzee anatabasamu, "Haijakatika hata mara moja, umeona?"... haijakatika nini... nageuza shingo, juu ya kabati, maganda ya chungwa, utepe mmoja mrefu umejiviringa vizuri, haukukatika popote, na chungwa lenyewe kwenye kiganja cha jirani, vimebaki vipande vitatu... "Mzee, umekula chungwa?" "Hapana, nile ili unigombeze? Binti yangu aliyaleta jana, nikamwambia mimi sukari imenikataza, nikammenyea huyu, mkono wake si unauona." "Ulimenya saa ngapi?" "Si ulipokuja kunipima nilikuwa ndio nimemaliza."

Dole gumba la kulia... dole gumba ndilo linaloingia kwenye ganda... Mungu wangu, nalishika, linanata, bado linanata na spiriti nilipaka, spiriti inakausha tu, haiondoi utamu, bango liko pale juu ya sinki mimi mwenyewe nililibandika, osha kwa maji na sabuni kisha kausha ndipo upime, lakini bomba limekauka tangu juzi na ndoo iko ngazi mbili chini na mimi nina haraka... nimepima chungwa, sikumpima mzee, nimelitoboa chungwa nikaliandika kwenye chati kwa mkono wangu na saa na sahihi... narudisha kifuniko cha sindano, nalitia bomba mfukoni, chupa yangu ya maji ya kunywa iko mfukoni, namwagia dole, nasugua kwa sabuni ya mzee mwenyewe, nasuuza, nakausha kwa pamba kavu, nachukua kidole kingine kabisa, cha kushoto, kigumu, natoboa mara mbili ndipo damu inatoka, napangusa tone la kwanza, naweka la pili, na mashine inahesabu, tano... na mama wa dirishani anakaa kitandani ananichekea, nne... mikono yake yote miwili imejaa embe, embe mbivu ya nyuzi, maji yake yanamchirizika mpaka kwenye viwiko na yeye anayalamba akisema sista ngoja nimalizie kokwa, tatu... na mimi nasema lete kidole, mama, nina vitanda vingine, napangusa kwa pamba, mara moja, haraka, mbili... niliiona ile embe, miaka miwili nimekuwa nikiikumbuka kama kichekesho chake cha mwisho, nimewasimulia watu, nimecheka nayo, moja...

Tatu nukta moja.

"Jirani, lete hilo chungwa, lete vyote, mzee fungua mdomo, tafuna, usilale, tafuna, naenda kukukorogea maji ya sukari sasa hivi," na mzee anatafuna, ananishangaa, "Leo ruhusa?" "Leo ruhusa, baba," na bomba la sindano bado liko mfukoni mwangu, uniti zote kumi zimo, na daktari mdogo ameshageuka sasa, anakuja huku anavua glavu, "Vipi tena, sista, mashine imekosea?" na ningeweza kusema ndiyo, ni neno moja tu, wote wamelizoea, hata yeye anaitikia kwa kichwa kabla sijajibu.

"Haijakosea," nasema. "Nimekosea mimi. Na mwaka juzi pia."