Alama ya Dole Gumba

Karani wa masjala alimbandika jina la Mzee Jumanne, maana kila Jumanne, ofisi ikifunguliwa tu, yeye yuko mlangoni, shati limenyooka kwa pasi. Alikuwa fundi saa mstaafu, na huu ulikuwa mwaka wa nne anatafuta mstari mmoja katika vitabu vya vizazi.

Si kwamba alihitaji cheti. Mama yake alifariki kabla yeye hajajua kutembea, na hakuacha picha wala kipande cha kanga. Lakini shangazi yake alimwambia kwamba baba alikuwa safarini, hivyo mama mwenyewe ndiye aliyekwenda kumwandikisha, kwa miguu, mtoto mgongoni. Na zamani asiyejua kuandika alibandika dole gumba kitabuni. Basi mahali fulani katika jengo hili palikuwa na kitu kilichofanywa na mkono wa mama yake.

"Babu, kitabu cha mwaka wako umekimaliza," karani alisema. "Na vya miaka iliyofuata pia. Nikuletee cha wapi tena, cha mbinguni?"

"Cha mbinguni nitakisoma mwenyewe, mjukuu wangu, wala si muda mrefu. Vya nyuma je?"

"Vya nyuma vya nini? Mtoto haandikishwi kabla ya kuzaliwa!"

Wakacheka wote wawili. Kisha mzee akaenda zake, na njiani kicheko kikamwisha.

Jumapili alikwenda kumjulia hali shangazi yake, bibi aliyepita miaka tisini, masikio mazito lakini ulimi mwepesi. Akamweleza shida yake kwa sauti ya juu, na mwaka akautaja.

"Mwaka gani?" Shangazi alishika mbavu. "Mwaka huo wewe ulikuwa unakimbiza kuku uani! Baba yako alikupunguzia miaka miwili. Mwalimu mkuu alisema umepitisha umri, shule si ya majitu. Ikabidi tukupeleke shule nyingine, tukakwambia uiname kidogo."

"Shangazi! Miaka yote hiyo hukuniambia?"

"Hukuniuliza mwaka. Kila siku ni mama, mama. Fundi saa mzima, umechelewa miaka miwili!"

Akaanza kuhesabu kwa vidole Jumanne zilizopotea. Shangazi akamtazama, akaacha utani, akamshika mkono.

Jumanne iliyofuata karani alishusha kitabu cha miaka miwili nyuma, ambacho mzee hakuwahi kukigusa. Jalada lilikuwa limeliwa na mende. Walifunua taratibu, ukurasa baada ya ukurasa, hadi saa sita ikakaribia. Ndipo mzee akaliona jina lake, la baba, na chini, kwenye nafasi ya aliyeleta taarifa, jina la mama. Pembeni mwa jina palikuwa na doa la wino uliofifia.

Akatoa mfukoni lenzi yake ya kazini, akaibana jichoni. Mistari ya dole ikajitokeza, myembamba kama nyuzi za buibui, imezunguka, imezunguka. Upande mmoja ilikuwa safi. Upande wa pili wino ulikuwa umeburuzika, kana kwamba mkono ulisukumwa.

"Imeharibika kidogo," karani alisema.

"Haijaharibika." Mzee hakuinua kichwa. "Alikuwa na mtoto mgongoni. Labda mtoto alirusha teke."

Dole gumba la mzee likasogea lenyewe juu ya karatasi, likafika karibu kabisa, likasimama hapo. Maisha yake yote aliwakataza wateja kugusa uso wa saa iliyofunguliwa, kwa kuwa jasho hula chuma. Akaurudisha mkono mapajani.

Karani alimtolea nakala kwa mashine. Palipokuwa na dole pakatoka doa jeusi tupu, halina mstari hata mmoja. Mzee aliitazama nakala hiyo, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni kwa kumheshimu karani tu.

"Basi, babu, kazi imekwisha," karani alisema, akianza kufunga kitabu. "Jumanne zako sasa utapumzika."

"Usikirudishe mbali," mzee alisema. "Kiweke rafu ya chini. Jumanne nitakuja."

"Kutafuta nini tena?"

"Sitafuti." Alikuwa anaifuta lenzi kwa pindo la shati, shati lililonyooka kwa pasi. "Nitakuja kumwangalia."