Pombe ya Shemeji

Shemeji yangu Kalden alikuja kwa helikopta kutoka Kathmandu, tumbo mbele, na chupa ya pombe ya shayiri, mdomo wa chupa umepakwa siagi. Nilipoiona siagi nikajua ana ombi. Kwetu, ukishainywa pombe hiyo, umekubali kabla hujaambiwa jambo lenyewe.

Maisha yake yote ameuza mazulia mjini. Sasa alitaka kilele cha mlima wetu, na mwanangu Gelu ampeleke. Sina mwana mwingine. Baba yake yuko huko juu bado, ndani ya barafu.

Kutoka helikopta ilipotua hadi mlangoni kwangu, Kalden alipumzika mara mbili, akikohoa.

"Shemeji, kaa kwanza wiki chache, mwili uzoee hewa yetu," nikamwambia.

"Wiki chache! Mlima unapandwa kwa moyo."

"Moyo unao. Mapafu je?"

"Ndiyo maana wanawake hamfiki juu."

"Wamefika wengi, shemeji. Hawakuja na tumbo."

Akanipa mgongo, akammiminia Gelu. Gelu akakataa. Akamsihi tena, akakataa. Mara ya tatu kijana aliona haya, maana Kalden ni ndugu wa marehemu baba yake. Akanywa. Gurudumu langu la sala, nililokuwa nikilizungusha nikiomba, likasimama mkononi.

Lama, kuhani wetu, akawaambia wangoje siku njema, na ubani wa mreteni ufukizwe kwanza. Kalden akacheka: siku njema ni ile aliyoiamua mwanamume. Wakaondoka.

Yaliyofuata nimeyapata kwa Gelu. Kwenye kambi ya juu Kalden alianza kuropoka, akatema povu lenye damu.

"Baba mdogo, turudi."

"Sirudi. Nimekusudia!"

Akaketi kwenye theluji kama mtoto aliyenyimwa sukari. Gelu akambembeleza mpaka upepo ukawakuta hapo hapo. Akamvisha hewa yake mwenyewe ya chupa, akamfunga kamba, akaipitisha mabegani mwake, akamburuta hadi chini. Miguu yake mwenyewe hakuisikia tena.

Hewa ya bondeni ilimponya Kalden upesi. Akaja kwangu mashavu yaking'aa. Gelu alikuwa amelala, mguu wa kulia juu ya mto. Vidole vyake, vilivyouawa na baridi, vilibaki hospitali.

"Unaona nguvu ya moyo, shemeji? Mwingine angefia pale."

"Mwingine ndiye aliyekuburuta."

"Haya, kijana alisaidia."

"Baba mdogo," Gelu akasema, "moyo wako ni mzito sana. Mabega yanajua."

Kalden akacheka peke yake. Nikamfungulia Gelu bandeji, nikamwambia Kalden ainame aone. Hakuinama. Alikumbuka ghafla kwamba helikopta inamngoja.

Nikawasha taa ya siagi, nikamwombea Kalden, kwa kuwa dini yangu hainiruhusu kuchagua wa kumwombea. Ila niliomba kwa ufupi. Kisha nikampa Gelu bega langu, apate kufika chooni.